Mchi wa Kugongea Tairi

Mume wangu anaitwa Mchi. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini kazini kwetu hakuna anayelijua. Anaitwa Mchi kwa sababu kila gari linapotaka kutoka, yeye huchukua mchi wa kutwangia akalizunguka gari lote akigonga tairi moja moja. Na mchi wenyewe ni wangu mimi, wa jikoni kwangu. Nilipewa siku ya kuolewa, nikautumia miezi minne. Siku moja nautafuta, siuoni, kumbe uko chini ya kiti cha dereva. Nikamwambia, wee mwanamume, hivi una akili timamu? Akanijibu, "Mke wangu, mti huu una mlio mzuri." Basi yakaishia hapo. Mpaka leo mimi natumia mashine ya umeme.

Tunafanya kazi mahali pamoja. Ni kampuni ndogo inayokodisha magari ya kulala ndani. Chukua basi la ukubwa wa kati, ng'oa viti vyote, weka kitanda cha watu wawili nyuma, vitanda viwili vya kukunja ubavuni, jiko la gesi, sinki, makabati ya juu, na choo ambacho sitaki hata kukizungumzia. Wageni hulikodi wiki moja au mbili pamoja na dereva, wakazunguka wanakotaka. Tuna magari manne. Mchi alikuwa dereva wa lile kubwa kuliko yote, lenye tairi sita na tela ndogo ya tairi mbili nyuma yake ya kubebea maji na mizigo. Mimi ni mtu wa ndani ya gari: shuka, mito, mapazia, vikombe, tangi la maji. Gari halitoki getini mpaka mimi niseme vijiko vimetimia.

Sasa nieleze habari ya kugonga, maana bila hiyo hutanielewa. Kwenye gari lile, tairi za nyuma zinakaa mbilimbili kila upande, moja nje na moja ndani. Ya nje unaiona. Ya ndani imejificha, na kuipima upepo kwa geji ni lazima upenyeze mkono kwenye matundu ya rimu mpaka kwapani. Madereva wa zamani hawakujitesa hivyo, waligonga tu. Tairi iliyojaa inajibu "ngo", kavu na fupi. Iliyopungua inasema "bu" na kunyamaza. Mchi aliweza kukwambia upepo umepungua kiasi gani kwa sikio tu, na geji ikija inasema hivyo hivyo. Watu walikuwa wanabishana naye na kushindwa. Nilijivunia sana jambo lile, sitaki kusema uongo.

Kisha masikio yakaanza kuziba, miaka minne au mitano iliyopita hivi. Kwanza televisheni, anaipandisha sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Halafu "eh?" zikawa nyingi. Watu wakicheka, yeye anacheka baada yao, akiwa amewatazama kwanza. Binti yetu akipiga simu anasema, "Shikamoo baba," na baba anajibu, "Ngoja mama yako huyu hapa," ananitupia simu kama inamuunguza. Bosi akimwita kutoka upande wa pili wa uwanja, mimi namgusa kiunoni. Kila mwaka alikwenda kwa daktari kuchukua cheti cha udereva wa abiria. Daktari alimsomesha herufi za ukutani, akampima presha, akagonga muhuri. Masikio hakuna aliyeyauliza.

Hatukuwahi kulisema jambo hilo, si mimi wala yeye. Ungetukuta mezani ungedhani ni nyumba isiyo na kasoro. Nilijiambia namfichia aibu mume wangu, na kufichiana aibu si ndiyo ndoa? Ndivyo nilivyojiambia.

Na kuna kitu kingine kilianza wakati huo huo. Akiwa anagonga tairi asubuhi, na mimi niko pale nyuma nakung'uta mikeka, akawa ananitazama. Anagonga, anainua macho, ananitazama usoni, anakwenda kwenye tairi nyingine. Anagonga, ananitazama. Jamani, nilifurahi! Mtu mmeoana miaka thelathini, watoto wamekua wameondoka, na bado anakuibia macho mbele ya wageni! Nikaanza hata kupaka wanja asubuhi. Wenzangu wa kazini wakanitania weee, "Shemeji amerudi ujana," nami nikawajibu wakome, wakatafute wa kwao. Nilikuwa najidai kweli.

Sasa siku yenyewe.

Jioni ya kabla yake nilipigiwa simu kwamba dada yangu ameteleza bafuni, amevunjika nyonga. Nikaingia sebuleni na machozi yangu, nikamwambia Mchi, "Dada ameanguka, amevunjika nyonga." Yeye alikuwa anafunga kamba za viatu. Akainua kichwa, akatabasamu, akasema, "Vizuri. Vizuri sana."

Nilijua hakusikia. Mtu yeyote mwenye akili angejua hakusikia. Lakini neno likishatoka limetoka, nami lilinichoma hapa. Sikumrudia. Nikaingia zangu chumbani, nikampa kisogo mpaka asubuhi. Hakuniuliza kulikoni, na hilo likanizidishia.

Asubuhi tulikuwa na wageni watatu, mume na mke na mama mzazi wa yule mume, bibi mmoja mpole mwenye kofia ya uzi. Mchi akachukua mchi wake, akaanza. Mbele kulia, ngo. Mbele kushoto, ngo. Akaja nyuma. Mimi nimesimama pale na mkeka wangu, uso nimeufunga. Ninaponuna mimi nanuna kweli, mama yangu alikuwa akisema uso wangu ukifungwa hata nzi hatui. Akagonga ya nje, ngo. Akapenyeza mchi akagonga ya ndani.

Bu.

Niliisikia, tena vizuri kabisa. Mchi akainua macho akanitazama. Mimi nikamkazia uso ule ule, halafu nikageukia mkeka. Alisimama pale kidogo, zaidi ya kawaida yake. Moyoni nikasema, dereva wa miaka thelathini nimfundishe mimi kazi? Si ana masikio yake? Na nikisema, nitaonekana nimeanza kuzungumza naye, wakati mimi nimenuna. Naapa hilo ndilo nililowaza. Akaendelea na upande wa pili. Wageni wakapanda, nami nikaondoka na shuka zangu chafu. Gari likatoka.

Saa tatu baadaye tairi zikapasuka. Ile ya ndani ilikuwa imeisha upepo, ya nje ikabeba mzigo wa mbili, ikapata moto, zikaenda zote kwa mpigo. Gari likayumba, likapanda ukingo wa barabara, likasimama limeinama upande. Mke na mume walikuwa wamefunga mikanda, hawakupata kitu. Yule bibi alikuwa amejinyoosha kitandani nyuma. Alirushwa, kabati la juu likafunguka, vikombe vyangu vyote vikamshukia, na mkono wake ukavunjika mahali pawili.

Mchi alirudi jioni juu ya gari la kukokota. Akala chakula chote nilichomwekea, akaosha sahani, akalala. Kesho yake akaenda hospitali kumwona yule bibi, wakamwambia mgonjwa hataki kumwona. Akarudi, akakaa. Tangu siku hiyo alisema maneno ya lazima tu: leta, chukua, ndiyo, bado. Mimi nami nilikuwa nimekufa ganzi. Wanaleta shuka za lile gari, zimejaa chai na vipande vya kikombe, naokota vipande, nafua, naanika, nakunja, na ndani yangu hakuna kitu. Dada yangu nilikwenda kumwona, nikakaa kando ya kitanda chake saa nzima, na sikumbuki tulichozungumza. Nilikuwa natembea tu.

Wiki ya tatu Bosi akamwita Mchi ofisini. Bosi ni mwanamke wa makamo, si mtu mbaya, ila hapendi maneno marefu. Nilikuwa nimepitia pale na mito mikononi, nikabaki nimesimama nayo.

"Mchi, siku ile uligonga?" akauliza, kwa sauti yake kubwa ya kuzoea kelele za injini.

"Niligonga."

"Zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa."

Nikaikumbatia mito yangu.

"Watu wa bima hawataki kusikia habari ya mchi," Bosi akasema. "Wanataka vihisi, vile vidude vya kwenye tairi vinavyosoma upepo na kumwonyesha dereva kwenye kioo kama cha simu. Kila tairi na chake, upepo ukipungua king'ora kinalia. Wewe ndiye unayezijua tairi, kachague mwenyewe. Jumatatu kuna wageni, familia yenye watoto wawili, na gari limeshatengenezwa. Nenda na mkeo akusaidie."

Mchi akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Naye akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, bosi."

Kwa hiyo Jumatatu atakuwa barabarani, na watoto wa watu nyuma yake, na kitakachowalinda ni king'ora. Nililiona hilo waziwazi, pale pale mlangoni. Nikaenda kuitia mito foronya.

Jumamosi tukaenda duka la vipuri. Ni duka jembamba, limejaa mpaka juu: vipangusio vya kioo vimening'inia kama samaki waliokaushwa, mikanda ya feni, makopo ya oili. Dada wa duka alikuwa na kalamu kwenye nywele na kucha ndefu nyekundu, lakini alikuwa anaijua kazi yake.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Karibuni."

Nikaeleza mimi. Akapanga maboksi matatu juu ya kaunta, na hapo nikamwona Mchi anapata uhai kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Akaanza kuuliza. Na akiuliza alimkazia macho yule dada mdomoni mpaka binti akajifuta midomo, labda alidhani ana chakula.

Seti ya kwanza ilikuwa vifuniko vyeusi vya plastiki, unavifunga juu ya valvu ya tairi basi umemaliza. Mchi akakipima kimoja kiganjani. "Ukitaka kujaza upepo lazima ukifungue kila mara?"

"Kila mara, baba."

"Kwenye tairi ya ndani nitakifungua kwa mkono gani?"

Dada akacheka. Seti ya pili ilikuwa ya kufungwa ndani ya tairi, juu ya rimu, haionekani, haiibiwi. Lakini lazima tairi zote nane zivuliwe, na betri ikifa unavua tena. Mchi akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Seti ya tatu ilikuwa vifuniko vya shaba, na unaweza kujaza upepo kupitia ubavuni mwake bila kuvifungua. Kioo chake kilikuwa kipana kama kitabu cha shule, kina picha ya gari na tela na tarakimu za kila tairi, na upepo ukipungua kioo chote kinageuka chekundu. Mchi akakigeuzageuza. Akauliza kama mawimbi yatatoka kwenye tela hadi kwa dereva kwa gari refu hivyo. Dada akamwonyesha kidude kingine cha kufunga katikati ya kuyapa nguvu. Akauliza juu ya valvu za mpira, akasema vitu vizito vitazipinda, lazima tuweke valvu za chuma kwanza. Dada wa duka akanitazama akasema, "Mama, baba anajua kuliko sisi."

Nikasema, "Anajua sana."

"Basi ngoja muisikie milio," akasema. Alikuwa na kitairi cha toroli chini ya kaunta cha kufanyia majaribio. Akafunga kifuniko cha seti ya kwanza, akakibonyeza upepo utoke. King'ora kikalia kikali, chembamba, kinachoingia kwenye meno. Nikakunja uso, nikaziba masikio.

Mchi akanitazama. "Hii kali," akasema.

Dada akachukua seti ya pili, iliyokuwa tayari na kioo chake kidogo. Ikalia taratibu, pi, pi, pi, kama kengele ya mlangoni. Mimi sikufanya kitu, nilisikiliza tu. Mchi akanitazama tena. "Hii ya kawaida."

"Kweli baba, hii mlio wake ni wa chini," dada akasema.

Hapo kitu kikanigonga. Vioo viko mbele yake, vidude viko mbele yake, na yeye anatazama uso wangu. Ananitazama vile vile anavyonitazama asubuhi akiwa na mchi mkononi. Anagonga, ananitazama. Anagonga, ananitazama.

Nilisema moyoni, hapana. Haiwezekani.

Dada akafunga seti ya tatu. Nikageuza macho yangu kwenye vipangusio vya kioo na nikaufunga uso, nikaufunga kabisa, kama siku ile. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka nionekane mjinga. Dada akabonyeza.

King'ora kile kilikuwa balaa. Mteja aliyekuwa ananunua taa aliruka. Nje ya duka fundi mmoja akapiga kelele, "Nyie, zimeni hicho kitu!" Kioo kilikuwa kimewekwa kinamwelekea dada, mgongo wake kwetu. Mimi nilikuwa natazama vipangusio. Kwa pembe ya jicho nilimwona Mchi amesimama, mikono nyuma, ananitazama. Anasubiri. Alisubiri kwa adabu kama mtu aliye kwenye foleni, na kile kitu kinapiga mayowe sentimita hamsini kutoka tumboni mwake.

Kisha akamgeukia dada. "Dada," akasema kwa upole, "iwashe basi tuisikie."

Dada wa duka alikuwa ameshabonyeza kuizima. Alinitazama. Nami nikafanya nilichofanya miaka yote, kumfichia aibu, mdomo ukafunguka wenyewe: "Tufungie hiyo ya kwanza."

"Ya kwanza?" Mchi akauliza, alikuwa ameniona mdomo. "Ya plastiki? Kwa nini?"

"Ina mlio mkali," nikasema.

Akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amezoea kuniamini. Dada akaifunga, ila aliponipa mfuko aliushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

Tukatoka. Tunatembea kandokando, yeye upande wa barabara, mfuko mkononi mwake, watu wanapita, na mimi naiona tairi ile. Naona alivyosimama pale, zaidi ya kawaida. Alikuwa anasubiri uso wangu useme, kama alivyokuwa anasubiri dukani sasa hivi. Na uso wangu ulikuwa na hasira ya dada yangu na nyonga yake.

"Nilisikia," nikasema.

Akaendelea kutembea.

"Baba Watoto. Siku ile nilisikia."

Anatembea tu, anaangalia mbele. Nikamshika mkono wa shati, nikamgeuza pale pale mbele ya fundi viatu aliyekuwa anashona soli. Nikasimama mbele ya macho yake. Na kwa kuwa ukitaka akusikie lazima upaze sauti, nikapaza.

"Siku ile! Tairi ya nyuma, ya ndani! Ilisema bu! Nilisikia nikanyamaza!"

Fundi viatu aliacha kushona. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama. Mtu ukiwa na siri na mume asiyesikia, siri hiyo unaiungama mbele ya mtaa mzima. Nilikuwa naogopa, nilikuwa na aibu, vyote vilikuja kwa pamoja baada ya wiki tatu za kutohisi kitu, na nikaona heri ningebaki na ganzi yangu.

Mchi alikuwa ananitazama mdomo. Ilipomwingia, akatazama chini, kisha akanitazama macho.

"Nilikuangalia," akasema. "Niliona umenuna. Nikasema, hasira hii ni yangu mimi, si ya tairi."

"Tangu lini unafanya hivyo?"

"Miaka minne." Akahamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda huu. "Ikiwa mbaya unakunja hapa," akajigusa katikati ya nyusi. "Hujawahi kukosea hata mara moja."

"Mimi nilidhani unanitazama tu."

"Nilikuwa nakutazama."

Fundi viatu akaanza tena kushona, taratibu, masikio yote kwetu. Mchi akaniuliza, "Ulinuna nini siku ile?" Wiki tatu, na ndiyo kwanza aulize. Nikamwambia, polepole, neno moja moja alione: nilikwambia dada ameanguka amevunjika nyonga, ukaniambia vizuri.

"Nilisema vizuri?"

"Vizuri sana."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakamtikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. Nilimwacha mpaka akamaliza.

Kisha akafungua mfuko, akatazama boksi. "Hii plastiki haifai," akasema. Tukarudi dukani. Dada akaichukua ile ya kwanza, akaileta ya tatu, na safari hii akakigeuza kioo kituelekee, akabonyeza kitairi. Kikageuka chekundu chote, Mchi akakitazama hadi dada akakizima. Akasema, "Hii naiona."

Tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bosi. Alikuwa anamwagilia maua yake kwa mpira. Mchi ndiye aliyesema, sikumsaidia hata neno.

"Bosi, mimi sisikii. Ni miaka minne. Siku ile tairi sikuisikia."

Bosi akafunga maji. Akanigeukia mimi. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na tairi?"

"Niliisikia, bosi. Nilikuwa nimenuna."

Mpira ukawa unadondosha matone kwenye viatu vyake. "Dereva asiyesikia mimi ningeweza kumfikiria," akasema. "Anayenificha siwezi." Akanyoosha mkono. Mchi akatoa funguo mfukoni, akaiondoa ile ya nyumba yetu kwenye pete, akampa zilizobaki. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi nilipewa barua ya onyo, ninayo kabatini.

Kwa yule bibi nilikwenda peke yangu. Alinipokea, kwa kuwa hakunijua. Nikamwambia yote, mpaka kununa. Alisikiliza huku mkono wake uko kwenye plasta, umewekwa juu ya mto. Nilipomaliza akasema, "Sawa," akageukia ukuta. Nilikaa kidogo, kisha nikaondoka.

Jumapili Mchi alifunga vihisi vyote nane mwenyewe, na valvu mpya za chuma, mkono umezama mpaka kwapani kwenye zile tairi za ndani. Jumatatu gari liliondoka na dereva wa gari dogo. Siku hizi Mchi ni mtu wa tairi na breki pale uwanjani, mshahara umepungua, kelele hazimhusu. Hazungumzi sana. Kuna siku anakula, anaosha sahani, analala, kama wiki zile. Mimi pia kuna siku nakunja shuka mpaka zinaisha na sijui nilikuwa wapi.

Lakini gari likitaka kutoka, dereva akishawasha kioo na tarakimu zote nane zimesimama vizuri, Mchi huchukua mchi wangu akalizunguka hata hivyo. Dereva mpya alimcheka mara moja tu. Anagonga, anainua macho. Nami nakuwa pale na mkeka wangu, bila wanja.

Bado tunagombana, tena zaidi ya zamani, maana sasa lazima nigombe kwa sauti kubwa na majirani wote wanajua yanayotusibu. Ila asubuhi gari linapoondoka simnunii. Hasira yangu naishika mkononi mpaka amegonga ya nane na gari limepita geti, ndipo nafunga uso.